Kondomu ilibaki nzima, usingizi hauji: PEP, kujipima, kupima kituoni au kumwona mshauri?

Tulitumia kondomu mwanzo hadi mwisho, haikupasuka, lakini tangu Jumamosi nina tumbo joto. Nimeze PEP (dawa za dharura za kuzuia VVU)? Nikapime leo? Ninunue kipimo duka la dawa nijifungie chumbani? Au nitafute mtu wa kuzungumza naye?

Njia zote nne zipo Tanzania na Kenya, na kila moja ina mtu wake. Ugumu ni kwamba kila njia inajibu swali tofauti. Mwenye roho juu huchagua kwa ukubwa wa hofu yake, anasahau kutazama kilichotokea: hofu ikiwa kubwa anataka dawa kubwa, ikipungua kidogo anataka kipimo. Ndiyo maana wengine humeza vidonge siku 28 kwa tukio ambalo halikuwa na njia ya kuambukiza, na wengine wenye sababu ya kukimbia kituoni hubaki nyumbani wakisubiri "dalili".

Kwanza, kondomu yenyewe

Kondomu ya mpira ikipasuka haifichi. Kwa kawaida hutatuka wazi, pengine ikabaki pete tu kwenye shina la uume. Kama bado ipo, ijaze maji ya bomba mpaka itune kama puto, bana mdomo wake kwa vidole ufunge, kisha igeuze ncha chini. Tundu litatoa mchirizi. Kama imeshatupwa, jiulize mambo matatu: shahawa zilikuwa ndani ya ncha? Ilitoka ikiwa juu ya uume au ilibaki ndani ya mwenzako? Ilivaliwa kabla ya kuingiliana, au mlianza kavu kisha mkakumbuka?

Kwa hesabu hii, kondomu imeshindwa ikiwa ilipasuka, ilichomoka, ilivaliwa mmeshaanza au ilivuliwa kabla ya kumaliza. Mafuta ya nazi, losheni na Vaseline hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache, kwa hiyo mkivitumia kagua kwa makini zaidi, lakini kondomu iliyotoka nzima imetoka nzima. Hata ile iliyopitwa na tarehe, kama haikutatuka, ilifanya kazi yake siku hiyo. Majimaji yaliyogusa vidole, kinena au mapaja hayahesabiki: VVU havipiti kwenye ngozi isiyo na kidonda. Mate na mabusu vivyo hivyo.

Makadirio ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa ngono bila kondomu na mwenza mwenye VVU asiyetumia dawa, ni takriban maambukizi 8 katika matendo 10,000 kwa mwanamke (njia ya uke), 4 kwa mwanamume, na 138 kwa anayeingiliwa njia ya haja kubwa. Weka kondomu nzima katikati na virusi havina pa kupita. Asilimia 80 inayotajwa kila mahali kuwa ndiyo kinga ya kondomu huwatisha watu bure. Ilipatikana kwa kufuatilia wenza kwa muda mrefu, wakiwemo waliovaa vibaya na waliosema "kila mara" huku wakiruka siku moja moja. Haina maana kwamba kila kondomu nzima huvuja kwa asilimia 20. Na kama mwenzako anaishi na VVU, anameza dawa vizuri na kipimo chake kinaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hakuambukizi kwa ngono, kondomu iwepo isiwepo.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo yaleyale: inahitaji ufike saa ngapi au siku ngapi baada ya tukio, unaondoka na jibu gani, inakugharimu nini kwa fedha, mwili na usiri, inaifanyia nini hofu yenyewe, na inamfaa nani.

1. PEP, kinga ya dharura

*Muda.* Ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Saa 4 ni bora kuliko 40. Saa 73 si mchezo wa kuomba huruma: virusi kama viliingia vimeshapata makao, na dawa hizi haziviondoi tena.

*Unachopata.* Hupati jibu la kama umeambukizwa. Unapata kinga. Dawa inayotolewa sana sasa ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia, kwa siku 28. Kopo la mwezi mmoja huwa na vidonge 30, hivyo ukimaliza salama viwili hubaki. Kabla ya kuanza utapimwa VVU, kwa sababu mwenye VVU tayari anahitaji matibabu ya kudumu na siyo kozi ya mwezi. Inafaa pia kuangaliwa figo na homa ya ini B: tenofovia na lamivudini huizuia homa hiyo, na ukiziacha ghafla ini linaweza kuchafuka.

*Gharama.* Dawa zenyewe hazilipiwi katika vituo vya umma vinavyohudumia wenye VVU (Tanzania watu husema CTC, Kenya CCC), ingawa unaweza kuchajiwa kadi ya kumwona daktari. Usiri ndio humsumbua mtu: foleni ya CTC inajulikana na mtaa mzima. Usiku au mwishoni mwa wiki, idara ya dharura ya hospitali ndiyo pa kuanzia. Mwilini, tarajia kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuharisha au usingizi kuruka, hasa wiki ya kwanza. Usingizi ukiruka, hamishia kidonge asubuhi.

Kinachoharibu kozi nyingi ni vitu vidogo. Vidonge vya kuongeza damu, kalisiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hunasa dolutegravia tumboni isiingie kwenye damu. Meza PEP saa 2 kabla ya hivyo, au saa 6 baadaye. Mtu wa kisukari anayetumia metformini amwambie daktari, kwa sababu dolutegravia hupandisha kiwango chake mwilini. Aliye kwenye rifampisini ya kifua kikuu huhitaji dolutegravia mara mbili kwa siku. Na kuna wanaoacha siku ya 12 kwa kuwa "nimeshaona niko sawa". Hakuna cha kuona siku ya 12.

*Kwa hofu.* Hapa ndipo watu hujikanyaga. PEP ikianzishwa bila sababu hairefushi maisha, inarefusha wasiwasi. Madhara ya kidonge (uchovu, kuharisha, kichwa) yanafanana na orodha ya dalili anazosoma usiku, kwa hiyo kila siku anapata "ushahidi" mpya. Zaidi ya hapo, dawa za VVU zinaweza kuchelewesha kingamwili (askari wa mwili dhidi ya virusi) kuonekana kwenye kipimo, kwa hiyo jibu la mwisho halitegemewi mpaka muda upite baada ya kozi. Aliyetaka kutulia haraka amejiongezea miezi.

*Inamfaa* ambaye kondomu yake ilishindwa kwa namna mojawapo ya zile nne, ndani ya saa 72, na mwenzake ana VVU bila kujulikana virusi vimefubazwa, au hali yake haijulikani. Aliyebakwa apelekwe moja kwa moja, bila kwanza kubishana kuhusu kondomu. Mhudumu akikataa kukupa kwa kuwa kondomu ilibaki nzima, hajakunyima haki yako. Muulize sababu, aieleze vizuri, hiyo nayo ni huduma.

2. Kujipima mwenyewe nyumbani

*Muda.* Kipimo cha mate kinatafuta kingamwili, na kingamwili huchukua muda kujengeka. Jibu la kutegemewa kwa tukio fulani huja miezi mitatu baada yake. Hiki ndicho kipindi dirisha.

*Unachopata.* Ukijipima Jumatatu kwa tukio la Jumamosi, kipimo kinasoma maisha yako ya kabla ya miezi mitatu iliyopita. Jumamosi haimo. Watu wengi hufurahi kwa jibu hilo siku mbili, ya tatu wanagundua, na hofu inarudi na riba. Ukijua unachosoma, lakini, kipimo cha mapema kina kazi nzuri: kinakupa mahali pa kuanzia.

*Namna ya kufanya.* Usile wala kunywa dakika 15 kabla, na usipige mswaki wala kusukutua kwa dawa ya mdomo dakika 30 kabla. Kisimamishe kichupa cha maji ya dawa kwenye kishikio chake, kifungue taratibu kisimwagike. Toa kifaa bila kugusa kijitambaa cha mbele. Pitisha kijitambaa hicho kwenye ufizi wa juu mara moja, kutoka kona hadi kona, kisha wa chini mara moja. Ni ufizi, siyo ulimi wala shavu. Kuna wanaosugua kama mswaki wakidhani watapata jibu kali zaidi, nao wanaweza kuliharibu. Tumbukiza kifaa kwenye kichupa mpaka kiguse chini, weka saa, na usikichomoe. Soma kuanzia dakika ya 20 hadi ya 40.

Mstari mmoja kwenye C (alama ya kuonyesha kipimo kimefanya kazi): hakuna kingamwili zilizoonekana. Mistari miwili, C na T (alama ya jibu lenyewe), hata ule wa T ukiwa hafifu kama penseli iliyofutwa: kituoni kwa vipimo vya kuthibitisha. Hakuna mstari kwenye C: kipimo kimeharibika, rudia kwa kingine. Usomaji wa dakika ya 90, au wa kesho yake baada ya kukifukua kwenye pipa la taka, hauna maana. Inaonekana kichekesho, lakini kivuli kinachojitokeza kifaa kikikauka kimewakosesha usingizi watu wengi kuliko mistari halisi.

*Gharama.* Kenya iliruhusu kujipima mwaka 2017. Tanzania ilibadili sheria yake mwishoni mwa 2019. Vifaa huuzwa maduka ya dawa, na vituo vingine hugawa bure. Tazama tarehe ya mwisho na kama pakiti haijafunguliwa. Usiri ni mkubwa kuliko njia zote, na hapo hapo pana udhaifu wake: ukipata mistari miwili saa sita usiku uko peke yako. Panga mchana, siku ambayo kituo kiko wazi.

*Kwa hofu.* Humtuliza mtu anayetaka jibu moja kwa wakati wake. Kwa mtu wa kurudia, ni mafuta kwenye moto, kwa sababu kununua kingine ni dakika kumi tu. Vifaa vinne ndani ya wiki mbili havijumlishwi kuwa jibu moja imara.

*Inamfaa* aliyefikisha miezi mitatu, hajawahi kutumia dawa za VVU na hayuko kwenye PEP au PrEP (dawa za kujikinga zinazotumiwa kabla ya ngono), na anajua atakwenda wapi kikionyesha mistari miwili.

3. Kupima kituoni pamoja na ushauri nasaha

*Muda.* Siku yoyote unaweza kwenda, lakini uzito wa jibu unategemea kipimo. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole kinafuata dirisha lilelile la hadi miezi mitatu, ingawa wengi walioambukizwa huonekana mapema zaidi ya hapo. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa kinachotafuta kingamwili pamoja na antijeni (kipande cha virusi vyenyewe) huweza kugundua kati ya siku 18 na 45. Uliza jina la kipimo kabla ya kuchomwa. Swali "hiki kinasoma antijeni pia?" linatosha.

*Unachopata.* Jibu, na mtu wa kukusaidia kulielewa. Hii ndiyo tofauti kubwa na chumbani. Kipimo kimoja kikionyesha dalili ya maambukizi bado hujaambiwa una VVU: Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla mtu hajaambiwa hivyo. Unaweza pia kupimwa kaswende na kuangaliwa kisonono, ambavyo mwenye hofu ya ukimwi mara nyingi husahau kabisa. Kondomu hupunguza kaswende na malengelenge ya sehemu za siri lakini haizibi ngozi yote.

*Gharama.* Kupima VVU katika vituo vya umma ni bure. Unachotoa ni muda, na uwezekano wa kukutana na jirani kwenye benchi. Wengi hupanda daladala au matatu hadi mtaa mwingine, na hakuna ubaya.

*Kwa hofu.* Mshauri mzuri atakuuliza kondomu ilikuwaje, lini, na nini hasa kinakutisha, kisha atakupangia tarehe moja ya kurudi. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi huwashika watu kuliko ahadi ya moyoni. Mshauri mwenye haraka hukuchoma kidole, akasema "negative" na kumwita anayefuata. Ukimpata huyo, uliza maswali yako kabla hujanyanyuka.

*Inamfaa* mwenye maswali mengi, mwenye usaha, kidonda au maumivu wakati wa kukojoa, mjamzito, aliyemaliza PEP, na wenza wanaotaka kupimwa pamoja. Kuhusu kupima pamoja: jibu la mwenzako nalo lina dirisha lake. Na kama kumdai apime kunaweza kukuletea kipigo, achana nalo, pima wewe.

(Kuna kipimo cha nne, PCR ya maabara binafsi, kinachotafuta virusi vyenyewe na kugundua kati ya siku 10 na 33. Ni ghali, na kwa kondomu iliyobaki nzima mara nyingi huwa ni kulipia usiku mmoja wa usingizi.)

4. Kushughulika na hofu yenyewe

*Muda.* Leo. Haina dirisha.

*Unachopata.* Hupati karatasi ya majibu, na hapo ndipo wengi huidharau. Unachopata ni kuweza kula, kulala na kwenda kazini huku maswali mengine yakisubiri tarehe yake.

*Kinachofanyika.* Anza kwa kutenganisha hatari na hatia. Aliyetoka na mchepuko akatumia kondomu hana hatari zaidi ya mume na mke waliotumia kondomu ileile, lakini usiku wake ni mrefu zaidi, na kinachomla ni kitu kingine. Sheikh au mchungaji anaweza kumsaidia kubeba hatia. Kusoma kipimo, au kumwambia aache dawa, si kazi yake.

Kisha mwili. Wasiwasi peke yake huleta mapigo ya moyo, jasho la usiku, kuharisha, mdomo mkavu, ganzi vidoleni na kukosa hamu ya kula. Dalili za maambukizi mapya, zikitokea, huja zaidi wiki ya 2 hadi ya 4: homa, koo, upele, tezi. Homa ya siku ya pili haitokani na VVU vya juzi, kapime malaria. Na zile tezi za shingoni: ukiziminya mara ishirini kwa siku zitauma, na zitauma kwa sababu umeziminya. Hali kadhalika kumulika ulimi kwa tochi ya simu kila asubuhi. Ulimi wa mtu yeyote ukimulikwa hivyo una weupe wake.

Mazoezi yanayosaidia ni ya kawaida. Tenga dakika 20, tuseme saa kumi na moja jioni, uandike hofu zako zote kwenye daftari. Zikija saa tano usiku, ziandikie neno moja na uzisukume hadi kesho jioni. Pumua ndani kwa sekunde 4, toa kwa 6, dakika 5. Hamu ya kutafuta dalili mtandaoni ikikupanda, icheleweshe saa moja, kesho mbili. Kuiridhisha kila inapokuja ndiko kunakoikuza. Washauri wa afya ya akili hutumia njia hiihii kwa utaratibu mkali zaidi, kwa vikao kadhaa.

*Gharama.* Daftari ni bei ya daftari. Mshauri binafsi mjini ni ghali. Kliniki za afya ya akili za hospitali za mikoa na kaunti ni nafuu, ila foleni ni ndefu. Wengine hukwama kwa aibu ya kuonekana "kichaa".

*Inamfaa* ambaye kondomu yake ilibaki nzima, na yule aliyepata majibu safi baada ya miezi mitatu na bado hayaamini. *Haimfai* peke yake aliye ndani ya saa 72 na kondomu iliyopasuka. Huyo aende kituoni kwanza, apumue kwenye daladala.

Kwa hali yako

Kondomu nzima, ilivaliwa mapema, shahawa ndani ya ncha: PEP haina kazi. Fuata njia ya nne, kisha pima mara moja kwa ratiba ya kawaida ya mtu mwenye maisha ya ngono. Ukipenda kupimwa leo ili ujue unapoanzia, sawa, alimradi usiite jibu hilo la Jumamosi.

Ilipasuka au ilichomoka, bado saa 72 hazijafika: ondoka sasa. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala ndimu, hukwaruza kuta za uke na kufungua njia. Kama hamkutaka mimba, ulizia P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba) safari hiyohiyo.

Ilipasuka, saa 72 zimepita: kituoni kwa kipimo cha kuanzia, cha maabara baada ya siku 45 kama kinapatikana, na cha kufunga hesabu miezi mitatu. Katikati tumia kondomu, na kama unanyonyesha mwambie mhudumu mapema.

Hujui ilikuwaje, mlikuwa mmelewa: ihesabu kama iliyoshindwa.

Ulishaanza PEP kwa kondomu nzima: usiikate peke yako kwa hasira. Rudi kwa aliyekuandikia mpitie tukio tena, na kama uliwahi kuambiwa una homa ya ini B, hilo ndilo la kwanza kumwambia.

Miezi mitatu imepita, majibu ni safi, na umeshapima mara tano: cha sita hakitasema kipya. Kama wiki mbili zimepita hulali au hufanyi kazi, nenda kliniki ya afya ya akili ukiwa na majibu yote matano mkononi, mshauri ayaone kikao cha kwanza. Na yakija mawazo ya kujidhuru, ni hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.